Mama Ezekia Ameandika Ukurasa Mmoja

Gidi,

Salamu sikupi, maana tumeamkiana asubuhi na chai umeinywa hapa hapa kibandani. Umekwenda kumuaga mjomba wako, na mjomba wako akishakukalisha hakuachii mpaka jua lishuke. Kwa hiyo nina muda. Nimechukua daftari lako la darasa la sita, lile lenye kurasa nyeupe nyuma, na kalamu nimeazima kwa dereva mmoja wa Zambia. Foleni ya malori leo imeanzia mpakani imekuja mpaka huku kwetu Chapwa, hawa hawasogei, kwa hiyo kalamu yake haina haraka.

Nakuandikia kwa sababu Mama Ezekia ameandika.

Ile barua yake uliyonisomea juzi umesimama mlangoni, uliisoma kwa sauti ambayo hujawahi kunisomea kitu chochote, hata Biblia. Ukurasa mmoja, muhuri wa mtendaji wa kijiji chini, na maneno kwamba yeye, mama wa kijana uliyempofusha jicho, amekusamehe na anaiomba timu ikupokee. Ukaniambia kocha amesema bila karatasi ile viongozi wasingekubali kumsajili mtu aliyetoka gerezani. Kisha ukaikunja mara mbili ukaitia kwenye mfuko wa shati. Mimi nikasema, "Vizuri," nikaenda kukoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva.

Nina wivu, Gidi. Nimeona niliandike neno hilo mapema nisije nikalizunguka mpaka karatasi ziishe. Namwonea wivu mwanamke ambaye hakukuzaa, ambaye una kila sababu ya kumwogopa, nawe unamwita Mama bila kusitasita. Yeye kaandika ukurasa mmoja. Mimi nitaandika zaidi, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Niliishia la saba lakini mwalimu wetu alikuwa akilipitisha daftari langu darasani wenzangu waone namna herufi zinavyokaa kwenye mstari.

Mambo ya sweta na dawa ya meno sitayaandika, una miaka ishirini na sita. Ninaandika kwa ajili ya kesho. Umeniomba kesho alfajiri twende wote mpaka kwa Mama Ezekia kule Mbozi Mission, akuombee na mimi nikiwepo, ndipo ukapandie Vwawa basi la kwenda kwenye timu. Nikakwambia miguu inauma. Miguu haiumi. Leo asubuhi nimebeba ndoo mbili za maji kichwani kwa zamu, na wewe uliniona, ukanyamaza kwa adabu.

Ngoja nianze kwa kujisifu kidogo, maana nikianza na lile jingine nitashindwa.

Mimi ndiye niliyekununulia njumu zako za kwanza, ng'ambo pale Nakonde, nikavuka nazo nimezificha ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani zote mbili ni za mguu wa kulia. Ukazivaa hivyo hivyo msimu mzima, na mashindano ya shule za msingi uliongoza kwa mabao. Mpaka leo nasema mguu wako wa kushoto unapiga vile kwa sababu ulikulia ndani ya kiatu cha kulia, na hakuna kocha aliyeweza kunibishia. Ulipoitwa timu ya ligi, madereva wa Zambia waliacha kuniita mama ntilie. Wakaniita BanaTisa, kwa Kibemba chao, mama wa namba tisa. Lori lilikuwa likisimama tu nasikia, "BanaTisa, ugali upo?" Nikawa natembea hapa Chapwa kama nimeolewa upya. Hata wali uliungua siku hizo na hakuna aliyelalamika.

Naacha kidogo, kuna mtu anataka maharage.

Nimerudi. Nilikuwa kwenye sifa. Hiyo ndiyo shida, mimi kwenye sifa sijui kushuka.

Ile siku ulikuwa mapumzikoni, umekuja nyumbani, vijana wakakubembeleza ucheze ndondo ya mtaani hapa uwanjani kwetu. Ezekia alikuwa kipa wa wale wengine. Kijana wa kutoka Mbozi aliyekuja Tunduma kuchomelea mageti, mpira kwake ni wa Jumapili. Akadaka penati yako. Uwanja mzima ulicheka, na mimi niliyekuwa nimekaa kiti cha mbele niliondoka kabla ya mechi kuisha, kwa hasira. Jioni pale grosari, mkiwa kwenye bia, Ezekia akakuuliza mbele ya watu, "Kaka, na kwenye ligi huwa unapiga hivi hivi?" Utani wa mpira, Gidi. Wewe ukachukua chupa.

Miaka miwili nimewaambia madereva kwamba chupa iliteleza. Nimelisema mpaka likawa na mkono wake na miguu yake, nikawa naona kabisa chupa ikiteleza. Haikuteleza. Uliishika shingoni ukampiga nayo usoni. Ulikiri mbele ya hakimu kwa sauti ya wazi kabisa, na mimi mama yako nikatoka nje ya mahakama nikaendelea na chupa yangu inayoteleza.

Na siku za kuja kukuona gerezani, kila mara swali lako la kwanza lilikuwa, "Ezekia anaendeleaje?" Nami nikajibu, "Mzima, anafanya kazi." Sijawahi kumuuliza mtu. Sikujua kama anafanya kazi, sikujua kama anakula. Nilitaka dakika zile ziwe zangu, na kila ulipolitaja jina lake niliona ananipunguzia.

Ukatoka. Nilikuwa nimechinja kuku wawili, nimewaalika kwaya, nimemwambia kila dereva. Ukala kidogo, ukawashukuru watu, kesho yake nakukuta umevaa gamboti unauliza nauli ya kwenda Mbozi Mission. Nikadhani unakwenda siku moja. Ukaenda Alhamisi, ukaenda Jumamosi, ukaanza kulala huko. Msimu wa kahawa ulipofika nikawa na mtoto wa kumsikia kwenye simu, wakati umetoka kifungoni na nyumbani kwenu ni mwendo wa saa moja.

Huwezi kujua namna ulivyokuwa unarudi. Kucha nyeusi kwa maganda ya kahawa, mgongo umepauka, na furaha tele. "Mama, leo tumemenya mpaka mashine ikachoka." "Mama, Mama Ezekia anaanika kahawa kwenye vichanja, anachambua punje moja moja kama anachambua mchele." Halafu siku ile ukasema kande zake ni tamu, huwa anatia karanga mbichi zilizotwangwa. Mimi nauza chakula, Gidi. Watu wanatoka Lusaka wanaulizia kibanda changu. Wiki iliyofuata nilipika kande zenye karanga, ukala sahani mbili, ukasema, "Karibu zifanane." Heri ungenitukana.

Jioni moja ulirudi hujachangamka. Ukanawa mikono muda mrefu ukaniambia kwamba Ezekia, aliyekuwa hajakusemesha miezi yote ile, siku hiyo alikuita umshikie chuma anachomelea. Ukamshikia. Katikati ya kazi akavua miwani yake myeusi akasema, "Wewe unarudi uwanjani. Mimi golini sirudi. Mpira ukitokea upande huu siuoni mpaka umeshapita." Ukaniuliza, "Mama, ni haki mimi kurudi?" Nami nikakujibu, "Atazoea." Neno moja, kama namjibu mteja aliyelalamika chumvi. Nilikuona ulivyonitazama, kisha ukaenda kulala.

Leo ningekujibu kwamba sijui. Mpira ndio kazi unayoijua, na sioni nani anapona jicho wewe ukikaa nyumbani. Lakini usiingie uwanjani kana kwamba adhabu imekwisha na mambo yamelingana. Wewe ulihesabiwa miezi, ikaisha. Yeye hakuhesabiwa. Wakikuzomea jukwaani kwamba wewe ni mfungwa, usiwatafutie maneno kama nilivyokuwa nikiwatafutia madereva. Na ukifunga, kimbia urudi katikati mpira uanze. Yule kipa ana mama amekaa mahali.

Sasa lile jingine.

Mama Ezekia alipoleta ile barua mpaka Tunduma, hakuileta kwako moja kwa moja. Alipita kwangu kwanza. Hukuwepo, ulikuwa mazoezini. Nilimtambua tangu anashuka kwenye noah. Akakaa benchi ya nje pamoja na madereva, akaagiza ugali na samaki kama mtu yeyote. Nikampa kipande kikubwa, mkia na tumbo. Nikamwangalia akila. Akala polepole, akabakiza nusu.

Nikamuuliza, "Hakijakupendeza, mama?"

"Kizuri. Chumvi tu imekimbia kidogo."

"Wengine huwa wanasema imezidi."

"Basi itakuwa mdomo wangu," akasema, akanawa. Akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza, mkono juu yake. "Huyu mtoto umemlea. Akifika kwangu hakai mpaka ameuliza maji yapo."

Nikajibu, "Kwangu pia huwa anauliza." Uongo, Gidi, kwangu huulizi, unakuta yapo.

Akainama kuelekea kwangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini ili madereva wasisikie, "Nimeandika kwamba nimemsamehe. Yeye. Kile kikao cha nyumbani kwetu sijamwambia, wala Ezekia sijamruhusu amwambie. Hicho ni chako, dada." Akaniachia bahasha nikupe, lakini nilimrudishia mkononi nikamwelekeza uwanjani akakupe mwenyewe. Nilishindwa kuwa mtu wa kukukabidhi.

Hicho kikao hukijui kwa sababu ulikuwa mahabusu. Nakuandikia sasa.

Siku ya tisa tangu lile tukio, mjomba wako alifanya mpango wa kwenda kuomba msamaha. Wazee wa kule walishakubali kutupokea. Walisema, tukinyenyekea, tukabeba gharama za matibabu, siku ya hukumu mama mwenyewe atasimama amwambie hakimu kwamba familia zimepatana. Hakimu angekupa adhabu, lakini nyepesi, ya watu waliopatana. Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho.

Unajua kwetu inavyofanywa. Mwenye kosa anavua viatu nje, anakaa chini karibu na mlango, hagusi kiti hata akikaribishwa. Anangoja aulizwe amefuata nini. Akiulizwa anasema tumekosa, basi, mengine anayasema mzee wake. Mjomba wako alinikumbusha njia nzima: "Dada, leo mdomo wako tuuache Tunduma, ubebe lile neno moja tu."

Mimi nilikuwa nimevaa jezi yako. Ile ya bluu, namba tisa mgongoni na jina lako, juu ya kitenge. Nilikuwa nimeifunika kwa shuka, mjomba wako hakuiona mpaka tumefika. Nilifikiri, kwa akili yangu yote, wakiiona wataelewa ni kitu gani kinakwenda kupotea. Nikaingia na viatu. Nikakaa kwenye kiti.

Mama Ezekia alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, bado na kanga aliyolalia sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Mzee wao akauliza, "Mmefuata nini?" Na kabla mjomba wako hajafungua kinywa, mimi nikaanza. Nilianza na mabao yako. Nikawaambia timu inakusubiri, mkoa unakusubiri. Wakawa wananitazama tu. Ningekomea hapo pengine wangesema ni mama aliyechanganyikiwa. Nikaendelea. Nikasema, "Jamani, tusaidiane. Ezekia ni fundi wa kuchomelea, na mafundi wa kuchomelea siku zote wanafumba jicho moja. Lililobaki linamtosha. Huyu wangu ni mtu wa mkoa mzima."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Sijalipunguza.

Mjomba wako aliweka uso mikononi. Mama Ezekia hakunitazama usoni, alikuwa anatazama ile jezi. Akauliza taratibu kabisa, "Hiyo nguo umeivaa leo kwa ajili yetu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akasimama, akakaza kanga yake. "Basi nendeni. Tutaonana kwa hakimu."

Siku ya hukumu hakimu alimuuliza Mama Ezekia kama familia ina neno. Unamkumbuka, alisimama upande wa dirisha. Akasema, "Sina." Wewe ulidhani ni uchungu wa jicho la mwanawe, ukasema baadaye kwamba hukumlaumu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako na nilijua lile "sina" linaniangalia nani. Sisemi ningekuokoa na kila kitu, chupa ilikuwa yako. Lakini miaka miwili ile haikuwa ya chupa peke yake. Sehemu yake niliisema mimi kwa kinywa changu, nimekaa kwenye kiti cha watu.

Mjomba wako aliapa hatakwambia. Hata leo, kama anakuweka, ni hadithi za ujana wake anakupa. Usimkasirikie, nilimlilia.

Sasa unaona wivu wangu ulivyo. Ungekuwa wa kande tu ningeumaliza kwa karanga. Ninamwonea wivu kwa sababu kila Alhamisi ulipokwenda kwake alikuwa na neno la kukutenganisha na mimi, na hakulitumia. Angelisema mara moja tu mkiwa mnachuma kahawa, ungerudi hapa ukiwa mtu mwingine. Akaliweka. Mimi kwa neno kama lile ningeshindwa hata siku mbili, ningekuwa nimeshawasimulia madereva. Amekuwa mama kwako kunizidi mahali ambapo mimi nilidhani hakuna wa kunigusa, na ameniachia jina langu bila kuniomba chochote. Nilitamani awe mbaya. Nimemtafutia ubaya msimu mzima nikapata chumvi.

Jua limeshuka, dereva wa kalamu anaanza kuninong'oneza foleni imesogea. Namwambia asubiri, mwanangu anakwenda kucheza mpira. Ananiambia, "BanaTisa, andika, mimi nitayapita malori mbele." Unaona, hata leo nimejisifu.

Wewe umerithi miguu ya baba yako, Mungu amlaze pema, lakini ile tabia iliyokufanya uchukue chupa ni yangu. Sisi wawili hatujui kuchekwa. Mimi ninapochekwa naongeza sauti, wewe uliongeza mkono. Sijui dawa yake. Najua tu kwamba siku ile nyumbani kwa watu, kama ningekaa kimya kwa muda wa kumenya ndizi moja, mambo yangekuwa mengine. Muda wenyewe ni mdogo hivyo. Huko unakokwenda watakucheka, na sitakuwepo kukushika, na ukweli ni kwamba hata nilipokuwepo sikukushika.

Barua hii naiweka juu ya begi lako uione kabla hujala. Mimi nitakuwa huku jikoni. Nimekataa kwenda kesho kwa sababu nisingeweza kusimama kati yenu ukitushukuru wote wawili kwa mkupuo mmoja, yeye anajua na mimi najua na wewe hujui. Sasa utakuwa unajua. Kama baada ya kusoma utaona unataka uende peke yako, nenda, na sitaweka mdomo. Mimi nitapanda kwenda kule siku nyingine ukiwa umeshaondoka, bila wewe wa kunisemea, nikaseme lile neno moja ambalo mjomba wako alinituma nikaseme tangu mwanzo.

Na kama bado unataka twende wote, usije kunikumbatia wala kunipa maneno mengi, nitaharibu. Niambie tu saa ya kuamka.

Mama yako,
Nambeye